Bi Raven Hakutunzwa Kwao

Nilikuwa na miaka 16 nilipopakwa poda nyeupe mwilini kwa mara ya kwanza. Tulikuwa wasichana 12 nyuma ya pazia, sote tumevaa magauni meupe marefu, na mwalimu alikuwa akipita kwenye mstari akiwa na sifongo mkononi. Wenzangu aliwagusa shingoni na mabegani tu, ili jasho lisimetemete chini ya taa. Aliponifikia mimi alikawia. Alinipaka mikono yote miwili kuanzia begani hadi kwenye kucha, akanipaka mgongo, akanipaka uso, kisha akarudi nyuma hatua mbili akaniangalia kama fundi anavyouangalia ukuta aliomaliza kuupaka chokaa. "Sasa mmelingana," akasema. Hakuwa na ubaya moyoni, nina hakika. Nami nilimshukuru, kwa sababu kulingana na wenzangu ndicho kitu nilichokitaka kuliko vyote.

Nilicheza baleti miaka 11 zaidi, mpaka kifundo cha mguu wa kushoto kilipokataa. Siku hizi nafundisha. Habari ya ile poda sikuwahi kumsimulia mtu hadi nilipoyafahamu maisha ya Raven Wilkinson, na tangu hapo nimejiona nina deni la kumwandika. Nitamwita Bi Raven. Kwa umri angeweza kuwa bibi yangu, na katika kazi hii tuliyoichagua ni bibi yangu kweli.

Jina lake si lile linalotajwa kwanza watu wanapoorodhesha magwiji wa baleti. Hakuwahi kufika cheo cha juu kabisa katika kundi lolote. Lakini mwaka 1955 aliajiriwa na Ballet Russe de Monte Carlo, akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kucheza kwa ajira ya kudumu katika kundi kubwa la baleti ya kiklasiki. Na mwaka 2011, akiwa na miaka 76, alikuwa bado anapanda jukwaani. Hapo katikati kuna miaka 56, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kujibu swali moja aliloulizwa na watu mbalimbali kwa namna mbalimbali: wewe ni nani, na unafanya nini hapa?

Alizaliwa New York tarehe 2 Februari 1935. Baba yake alikuwa daktari wa meno, na mama yake alikuwa amewahi kujifunza baleti katika ujana wake. Familia iliishi mtaa wa Harlem. Alipokuwa na miaka mitano alipelekwa kuwatazama Ballet Russe wakicheza Coppélia, baleti ya mwaka 1870 inayosimulia kijana aliyempenda mwanasesere akidhani ni binadamu. Bi Raven alikuwa akisimulia kwamba okestra ilipoanza kupiga, hata kabla pazia halijafunguka, yeye alikuwa ameshaanza kulia. Nimewaona watoto wa aina hiyo. Kila mwaka huja mmoja au wawili. Wazazi huwatoa nje wakidhani wameogopa giza au kelele, nami hutamani kuwakimbilia niwaambie wamrudishe mtoto ndani, kwani huyo haogopi. Ameona kitu ambacho hajui atakibebaje.

Alipotimiza miaka tisa, ndugu mmoja wa familia alimpa zawadi ya siku ya kuzaliwa: kulipiwa masomo ya baleti katika shule ya akina Swoboda, walimu waliotoka Urusi. Mwaka 1951 shule hiyo ilinunuliwa na Sergei Denham, mkurugenzi wa Ballet Russe, kundi lile lile lililomliza. Basi msichana akajikuta akifanya mazoezi kila siku karibu kabisa na mlango alioutaka, na mlango umefungwa.

Alifanya usaili mwaka 1954, akakataliwa. Akarudia, akakataliwa tena. Mwanafunzi mwenzake alimweleza kilichokuwa kikiendelea, na alimweleza kwa wema: hawawezi kukuchukua kwa sababu ya rangi yako, maana wanazunguka majimbo ya Kusini. Hapo inafaa nieleze kidogo jinsi kundi lile lilivyoishi. Ballet Russe hawakuwa na nyumba yao ya maonyesho. Maisha yao yalikuwa barabarani, leo mji huu, kesho mji ule, onyesho moja usiku kisha safari, kwa mabasi na treni, miezi kadhaa kila mwaka. Kusini mwa Marekani wakati huo sheria za ubaguzi zilikataza watu weusi na weupe kulala hoteli moja, kula pamoja, hata kukaa pamoja kwenye basi. Kumwajiri mwanamke mweusi katika kundi la namna hiyo kulimaanisha kumbeba kosa la jinai ndani ya basi lako, mji hadi mji.

Bi Raven alirudi kwenye usaili mara ya tatu. Mwaka 1955, akiwa na miaka 20, akachukuliwa kwa majaribio.

Kabla yake kulikuwa na Janet Collins, na siwezi kumruka. Aliyezaliwa New Orleans mwaka 1917, Janet alijitokeza kwenye usaili wa Ballet Russe akiwa bado msichana mdogo. Léonide Massine, aliyekuwa akitunga baleti za kundi wakati huo, alivutiwa naye, akamwambia ukweli: ili tukuchukue itabidi tukupake rangi nyeupe. Janet alikataa. Alitoka pale akalia, kisha akaendelea kujifunza, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawa mchezaji mkuu katika kundi la dansi la Metropolitan Opera, nyumba ya maigizo ya kuimbwa huko New York. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Bi Raven alijipaka. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kuliko ya Janet, na jukwaani aliongeza vipodozi vya rangi hafifu ili alingane na wengine. Kwa miaka mingi jambo hili lilinisumbua. Nilikuwa nawaweka wanawake hawa wawili kwenye mizani, Janet upande huu, Bi Raven upande ule, nami nikijiona upande wa Bi Raven na nikiona aibu. Nimeacha. Jukwaani sote tunavaa sura isiyo yetu. Mimi nimecheza nikiwa theluji, nikiwa ua, nikiwa mzimu wa msichana aliyekufa kabla ya arusi. Kilichonibadilisha mawazo ni kile alichokifanya Bi Raven taa zilipozimwa na poda ikaoshwa.

Misimu miwili ya kwanza ilipita Kusini bila tukio kubwa. Wenzake walijua, na walinyamaza. Mwaka 1957, Atlanta, mwenye hoteli alimuuliza moja kwa moja kama yeye ni mweusi.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi sana. Kulikuwa na majibu mengi ya kumwokoa. Kundi lilikuwa na watu wa mataifa mengi, wenye majina ya Kirusi, ya Kihispania, ya Kifaransa. Angeweza kusema ametoka popote. Angeweza kucheka. Angeweza kukasirika, jinsi watu weupe wanavyokasirika wakiulizwa hivyo, na pengine mambo yangeishia hapo. Bi Raven alieleza miaka mingi baadaye kwamba hakutaka kuwatia wenzake hatarini, lakini pia hakuwahi kutaka kukana kile alichokuwa. Mtu akimuuliza ana kwa ana, asingeweza kusema hapana. Basi akasema ndiyo. Akatolewa hotelini, akaitiwa teksi ya watu weusi, akapelekwa kulala katika hoteli ya watu weusi, wenzake wakabaki.

Wanafunzi wangu wakubwa wakisikia kisa hiki huuliza kwa nini wenzake hawakutoka pamoja naye. Sina jibu la kuwatosheleza. Nadhani walikuwa vijana, wamechoka, na kesho yake wana onyesho. Nadhani pia kila mmoja alikuwa na hofu ya kupoteza nafasi yake, kwa sababu katika baleti nafasi ni chache na nyuma yako kuna watu mia wanaoingoja. Mimi mwenyewe nimewahi kunyamaza kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kisha ikaja Montgomery, Alabama. Huo ndio mji ambako Rosa Parks alikataa kumpisha abiria mweupe kiti cha basi mnamo Desemba 1955, na watu weusi wakasusia mabasi kwa zaidi ya mwaka mzima hadi wakashinda. Ballet Russe walifika 1957, donda likiwa bado bichi, siku ambayo Ku Klux Klan, kundi la weupe waliowatisha na kuwatesa weusi, walikuwa na mkusanyiko mjini. Watu wenye majoho meupe na kofia zilizochongoka walikuwa wamejaa barabarani. Walifika hadi kwa wachezaji, wakiuliza yuko wapi mweusi. Safari hii wenzake walimfaa kwa kunyamaza: hakuna aliyejibu. Bi Raven alisimulia pia kwamba hotelini aliona familia zimekaa mezani zikila, baba, mama na watoto, watu wa kawaida wenye furaha yao. Kisha akaona kiti kando, na juu yake rundo la majoho yale, yamevuliwa yakawekwa vizuri, kama makoti.

Picha hiyo ya kiti huwa inanirudia ninapovalisha wasichana magauni meupe. Siwezi kuizuia.

Baada ya hapo kundi lilianza kumwacha nyuma. Ratiba ikifika majimbo fulani, Bi Raven alitangulizwa kwenye mji wa Kaskazini, akawangoja wenzake huko. Na bado, katika miaka hiyo hiyo, alikuwa akipanda. Katika msimu wake wa pili alipewa nafasi za kucheza peke yake, na mojawapo ilikuwa dansi ya valsi katika Les Sylphides.

Onyesho lile la poda nililolitaja mwanzo lilikuwa kipande cha Les Sylphides, kwa hiyo niruhusuni nikae hapa kidogo. Ni baleti ya Mikhail Fokine, iliyochezwa Paris mwaka 1909, juu ya muziki wa piano wa Chopin uliopangwa upya kwa okestra. Haina hadithi. Kuna mshairi mmoja usiku, na kuna viumbe wa hewani waliovaa meupe hadi karibu na vifundo vya miguu, na wanacheza kisha basi. Mtu asiyeijua huiona rahisi, kwa kuwa hakuna mizunguko mingi ya kuhesabu wala miruko ya kupigiwa makofi. Ugumu wake uko mikononi. Mikono inatakiwa iende kana kwamba imesahauliwa majini, isimalize mwendo, isionyeshe kiwiko, huku miguu chini inafanya kazi ya kibarua. Mwalimu wangu wa kwanza alitufanya tusimame tumeinua mikono vile kwa dakika nyingi hadi machozi yanatoka. Nikimfikiria Bi Raven katika valsi ile naifikiria mikono yake: iliyopakwa rangi isiyo yake, na inayosema ukweli mtupu, kwa sababu mwili uliofundishwa miaka kumi na zaidi hauwezi kudanganya kwa kitu ulichokijua kwa uchungu.

Hoja iliyotumika dhidi ya wachezaji kama yeye ilikuwa na sura ya heshima. Ilisemwa, na wengine bado wanaisema kwa sauti ya chini, kwamba baleti ya safu inahitaji ulinganifu: wanawake 24 wakiingia kama mtu mmoja, jicho lisikwame popote. Nimesimama katika safu hizo, najua uzuri wake, na siudharau. Lakini ulinganifu ule hutokana na kusikia. Unamsikia jirani yako anavuta pumzi, unajua bila kutazama kichwa chake kitageuka lini, unaweka mguu wako sakafuni pamoja na wake kabla muziki haujakuambia. Safu mbovu ya watu wenye rangi moja ni mbovu, na mtazamaji wa mwisho kabisa kule juu anaiona. Safu nzuri ni nzuri. Walioifanya ngozi kuwa sehemu ya sare waliiongeza wenyewe, kisha wakatuambia ilikuwapo tangu mwanzo.

Hata viatu viliingizwa katika jambo hilo. Kiatu cha kusimamia ncha za vidole ni kitambaa, karatasi na gundi iliyokaushwa ikawa ngumu, kimefunikwa hariri ya waridi hafifu. Rangi ile ilichaguliwa ili kiatu kifanane na mguu, jicho lione mstari mmoja kutoka nyongani hadi kwenye kidole. Mguu wa nani? Dance Theatre of Harlem, kundi alilolianzisha Arthur Mitchell pamoja na Karel Shook mwaka 1969, lilianza katika miaka ya 1970 kuwavalisha wachezaji wake soksi ndefu na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mmoja, na ukiona picha zake utaelewa mara moja maana ya ule mstari. Sisi wengine tulibaki kununua viatu vya waridi na kuvipaka kipodozi cha kahawia kwa sifongo, kiatu baada ya kiatu, na jozi moja inaweza kufa kwa onyesho moja tu. Watengenezaji wakubwa wa Uingereza, Freed, walianza kuuza viatu vya kahawia mwaka 2018. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikiwa na sifongo mkononi: kwanza ili niwe mweupe kama wenzangu, halafu ili kiatu kiwe cheusi kama mimi.

Mwaka jana tulipoandaa Les Sylphides darasani kwangu, msichana mmoja alinifuata nyuma ya pazia, ananyoosha mikono yote miwili mbele kama anayengoja kunawishwa. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa ameona picha za zamani, akadhani ndivyo inavyofanywa. Nilimgusa shingoni na mabegani kwa ajili ya jasho, nikampitisha. Kisha ilinibidi nitoke nje kidogo.

Turudi kwa Bi Raven. Mtu mmoja mwenye mamlaka katika kundi alimwambia kwamba ameshafika mwisho pale, afadhali akafungue shule ya ngoma za Kiafrika. Isingewezekana, alimwambia, kuwa na batamaji mweupe aliye mweusi. Alikuwa anasema juu ya baleti ya Swan Lake, ambamo mwanamke mmoja hucheza nafasi mbili, Odette batamaji mweupe na Odile mweusi. Tazameni vizuri upuuzi wa neno lile: hakuna mwanamke yeyote duniani aliye batamaji. Sote tunaigiza. Mwaka 1961 Bi Raven akaondoka Ballet Russe.

Makundi makubwa ya nyumbani hayakumtaka. Akaacha kucheza, akaingia nyumba ya watawa huko Wisconsin, akakaa miezi sita. Sehemu hii ya maisha yake imeandikwa kwa mistari michache tu kila ninapoisoma, nami sitaijaza kwa mawazo yangu. Nitasema tu kwamba maisha ya utawa si mageni kwa mcheza baleti: kengele, utii, kurudia jambo lile lile kila asubuhi bila kuuliza kama leo una hamu nalo. Baadaye alisema alikuwa ametambua kwamba amepewa kipaji na hakupaswa kukiacha. Akarudi darasani.

Kiswahili kina msemo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ucheze mbele ya watu wako, wanaokujua na kukupenda, nao watainuka kukupa tuzo mkononi. Bi Raven hakutunzwa kwao. Sylvester Campbell, Mmarekani mweusi mwenzake aliyekuwa akicheza Uholanzi, alimshauri avuke bahari, na mwaka 1967 akajiunga na kundi la taifa la baleti la nchi hiyo, akiwa na miaka 32, umri ambao wengi wetu tunaanza kuhesabu maumivu. Alicheza huko miaka saba. Huko alicheza baleti kubwa za kiklasiki na kazi za watunzi wa wakati wake, na hakuna mwenye hoteli aliyemuuliza lolote. Wakati mwingine nafikiri angeweza kubaki pale maisha yake yote, na hadithi ingeishia vizuri. Lakini alipakumbuka nyumbani. Mwaka 1974 akarudi New York.

Sasa nafika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo watu huimaliza kwa sentensi moja. Alijiunga na wachezaji wa New York City Opera, akacheza hadi mwaka 1985, alipokuwa na miaka 50. Wacheza mpira hutundika daluga wakiwa na miaka 35 hivi, nasi tunatundika viatu vyetu karibu na umri huo huo, wachache wakifika 40. Yeye alicheza hadi 50. Na alipoacha kucheza hakuacha jukwaa. Aliendelea kuonekana katika nafasi za kuigiza, zile ambazo mtazamaji hamjui mtu jina: mgeni katika sherehe, mwanamke sokoni, mtumishi wa nyumba ya kifalme anayepita huku mwimbaji mkuu akiimba mbele. Miaka 26 mingine, hadi 2011.

Nilipoacha mimi, watu walinipa pole kama nimefiwa, na ilikuwa kweli nimefiwa. Hakuna anayekuandaa kwa jinsi mwili unavyoendelea kungoja. Saa nne asubuhi, saa ya darasa, misuli ya mapaja inajikaza yenyewe ukiwa umekaa mezani na chai. Unasikia muziki wa taratibu redioni na magoti yanaanza kutafuta ile inama ya kwanza, plie, ambayo umeifanya kila siku tangu utotoni. Miaka miwili sikuingia ukumbini hata kutazama. Nilikuwa na kiburi fulani: nilisema kama siwezi kucheza ipasavyo, sitaki kuonekana hapo kabisa. Nilikataa nafasi ya mama wa msichana Giselle katika baleti ya jina hilo, nafasi ambayo haina hatua ngumu hata moja, mwanamke anaingia, anamwonya binti yake, na mwisho anamlilia. Niliona ni nafasi ya waliomaliza.

Mwanamke aliyekuwa amecheza valsi ya Les Sylphides peke yake, aliyekuwa ametolewa hotelini kwa ajili ya kazi hii, alikaa miaka 26 akiingia jukwaani kubeba sinia. Hakuona kwamba amepunguzwa. Nadhani lilikuwa jibu lile lile la Atlanta. Ukimuuliza kama yeye ni mweusi, ndiyo. Ukimuuliza kama yeye ni mchezaji, ndiyo, na leo pia, nakuja saa moja jioni, nguo zangu zimepigwa pasi. Nilipolielewa hilo niliinua simu, nikauliza kama ile nafasi ya mama wa Giselle bado ipo. Nimeicheza mara sita sasa. Katika kilio cha mwisho natumia mikono tu.

Misty Copeland, mchezaji wa American Ballet Theatre, alimwona Bi Raven kwa mara ya kwanza katika filamu ya kumbukumbu kuhusu Ballet Russe, akalia, kwa sababu alikuwa amefika mbali katika kazi bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba mwanamke huyu alikuwapo. Kumbe walikuwa majirani, wakiishi New York umbali wa mtaa mmoja. Wakawa marafiki. Bi Raven alikuwa akienda kumtazama, wakizungumza kwa simu, akimshauri kama mzee anavyomshauri binti wa nyumbani. Copeland mwenyewe sasa ameshastaafu kutoka kundi lile, mwaka 2025. Bi Raven alifariki tarehe 17 Desemba 2018, akiwa na miaka 83.

Lakini tarehe 24 Juni 2015 alikuwa hai, ana miaka 80, na alikuwa pembeni ya jukwaa la Metropolitan Opera House. Mchana huo Copeland alicheza Swan Lake New York kwa mara ya kwanza katika nafasi kuu, zote mbili, batamaji mweupe na batamaji mweusi. Siku sita baadaye angetangazwa kuwa mchezaji mkuu, mwanamke Mmarekani mweusi wa kwanza kufika hapo katika miaka 75 ya kundi lile. Onyesho lilipokwisha na watu kuinuka, waliingia wanawake wawili wenye maua. Mmoja alikuwa Lauren Anderson, aliyekuwa mchezaji mkuu wa Houston Ballet tangu 1990. Mwingine alikuwa Bi Raven, anatembea mbele ya ukumbi uliojaa, katika mji aliozaliwa, kwenda kumtunza mwenzake.